Tupeane uzoefu: Ala za muziki mnazotengeneza nyumbani na watoto wadogo

Mama Njeri, Lanet

Wazazi wenzangu, hamjambo. Binti yangu yuko PP1, darasa la kwanza la chekechea, na mwalimu ameomba kila mtoto aje Jumatatu na ala ya muziki iliyotengenezwa nyumbani. Kaka yake alipokuwa darasa hilo niliona kayamba zimepangwa mezani, zimekatwa sawasawa na kupakwa vanishi, moja bado ina bei ya duka. Watoto wenyewe hawakujua ndani mna nini. Mimi nataka huyu atengeneze yake kwa mikono yake, hata ikitoka imepinda.

Nimeanza na karing'aring'a ya kikwetu, lile duara la chuma linalogongwa kwa kipande kingine cha chuma. Sina la kweli, kwa hivyo tumechukua pete ya chuma iliyobaki kwa fundi wa magari, tukaining'iniza kwa uzi, akagonga kwa kijiko. Akiishika kwa kiganja mlio unazimika, akiachilia unalia mrefu. Alikaa na jambo hilo moja asubuhi nzima.

Nyinyi mnatengeneza nini? Na kazi ya mtu mzima inaishia wapi?

Mwalimu wa PP2, Manyatta, Kisumu

Mama Njeri, asante kwa kuleta mada hii, inanigusa kila muhula. Darasani kwangu mtu mzima anafanya yale yenye msumari, nyundo na kisu. Mengine yote ni ya mtoto.

Ala ninayoirudia ni njuga za vifuniko vya soda. Watoto huviokota wenyewe nje ya vioski na kuviosha. Mimi hutoa ule utando laini ulio ndani ya kifuniko kwa ncha ya kisu, maana ukiuacha vifuniko vinatoa mlio butu. Kisha navigonga juu ya jiwe hadi ile mikunjo ya ukingo ilale, ili visikate mtu, na kutoboa katikati kwa msumari. Hapo naweka nyundo mbali. Mtoto anavitunga kwenye waya, na waya naufunga kwenye panda ya kijiti cha mpera.

Tusiwaharakishe hapo kwenye kutunga. Mmoja atajaza waya hadi vifuniko vishikane, atikise, asikie karibu kimya. Mwache. Atavitazama, atamwangalia jirani aliyeweka vichache, kisha atapunguza. Ukimwambia mapema umemnyang'anya somo lenyewe.

Baba Otis, Dunga

Sisi huku mshipi wa kuvulia haukosekani, kwa hivyo kwetu ni nyuzi. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, zamani za kano za ng'ombe, siku hizi nailoni. Mpigaji hukaa chini kwenye kigoda, anavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo ukingo wa ala, huku njuga za gara zikilia mguuni. Mtoto wa miaka mitano hawezi kujenga hiyo, lakini anaweza kujenga ndogo inayofanana nayo.

Tulichukua kibao kifupi, nikapigilia misumari minne upande mmoja na minne upande wa pili, kwa mshazari ili nyuzi zitofautiane urefu. Mshipi nilivuta mimi. Kijana akaingiza penseli chini ya nyuzi, karibu na ncha moja, akapiga. Sauti ikawa ndogo. Akakiweka kibao juu ya sufuria tupu iliyofunikwa kifudifudi, akapiga tena, akanitazama kwa mshangao. Sufuria ilikuwa imeikuza sauti. Tangu hapo anatembea na kibao nyumba nzima akikijaribisha juu ya meza, ndoo, mlango na tumbo la babu yake.

Uzi mfupi au uliokazwa hutoa sauti nyembamba, mrefu au uliolegea hutoa nene. Hilo sikumfundisha. Alinifundisha yeye, kwa kunionyesha kidole mahali pa kubonyeza.

Kukhu wa Khayega

Wanangu, nawasalimu kutoka Kakamega. Mimi nina wajukuu watatu na kwetu Isukha huwezi kuwalea bila isukuti. Ngoma zile hupigwa tatu pamoja, na pembe ya swala na njuga za chuma huandamana nazo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilipolisikia hilo nilisema basi tuanzie jikoni.

Tunachukua mikebe mitatu ya ukubwa tofauti: ya maziwa ya unga, ya kakao na ya rangi iliyosafishwa vizuri. Zamani watoto walifunika kwa karatasi za nailoni, lakini zile za kubebea zilipigwa marufuku Agosti 2017, na kusema kweli hazikuwa na sauti. Tyubu kuukuu ya pikipiki ni bora zaidi. Ipasue, ikate duara linalozidi mdomo wa mkebe, wawili wavute pande zote na wa tatu azungushe ukanda wa tyubu hiyo hiyo kufunga. Wajukuu wangu wanavuta hadi wanang'ata midomo. Ikilegea wanaivuta tena wenyewe.

Halafu kila mtoto anapewa mdundo wake na anaushika, hata mwenzake akimchanganya. Huo ndio ugumu wa isukuti, na ndio utamu wake.

Muuguzi, Bungoma

Naomba niingilie kwa ajili ya wenye watoto wachanga zaidi. Chini ya miaka mitatu, kitu chochote kinachoingia mdomoni kizima kinaweza kumkaba, na maharagwe na mahindi makavu yamo. Chupa ya kutikisa ifunge kwa gundi, kisha selotepu juu yake, na ikague kila mara. Puto lililopasuka liokote papo hapo.

Mbegu nazo chagueni. Zile nyekundu zinazong'aa zenye doa jeusi, ambazo watu hutunga shanga, zina sumu kali sana. Mbegu za mbono pia. Tieni ndengu, mchele au mtama, mtalala usingizi.

Mpangaji, Nyalenda

Na sisi tunaoishi ploti, ukuta mmoja na jirani?

Mwalimu wa PP2, Manyatta, Kisumu

Chupa za glasi na maji, dada. Tia maji viwango tofauti, mtoto agonge taratibu kwa kijiko cha mbao. Yenye maji mengi hutoa sauti nene. Kisha mwambie apulize juu ya mdomo wa chupa zile zile: sasa yenye maji mengi ndiyo yenye sauti nyembamba. Akigonga, chupa na maji ndivyo vinavyotetemeka, na maji huvifanya vizito. Akipuliza, hewa iliyobaki juu ndiyo inayolia, na ikiwa fupi inalia nyembamba. Kaa karibu naye, ni glasi.

Mama Pendo, Kisumu

Mimi mwanangu ni kiziwi na nimekuwa nikipita mada kama hizi. Leo naandika. Tulifanya ngoma ya tyubu kama ya Kukhu. Anaipakata, kifua kikiigusa, na anajua nimepiga wapi. Siku moja nilimwaga punje za mchele juu ya ngozi ile ya mpira, nikapiga ngoma nyingine karibu yake bila kuigusa ya kwake. Mchele ukarukaruka. Alicheka hadi akakaa chini, kisha akaninyang'anya kijiti ili apige yeye, mimi nishike mchele.

Mama Njeri, Lanet

Mama Pendo, nimesoma yako mara mbili na nimemsomea mume wangu. Mkebe ninao, tyubu nitaomba kwa fundi wa pikipiki kesho. Kukhu, nitamwacha avute mwenyewe. Baba Otis, mshipi ninunue upi kwa vidole vya miaka minne?

Baba Otis, Dunga

Mnene kiasi. Mwembamba unalia vizuri lakini unakata vidole. Na misumari igonge hadi iingie sana, vichwa visimkwaruze.