THINA NI THINA?! Mnamjua, simtaji, kaniyeyushia kifaru

Wakuu, salamu baadaye.

Mnamjua. Yule wa kofia ya pama, mjuzi wa mambo yote kuanzia sangara hadi satelaiti. Leo hii, Kirumba, kwenye meza yetu ya vifaru vya plastiki, vile vidogo vya kuunda kwa mkono, kachukua kopo la thina ya magari, kalowanisha kitambaa, kafuta kichwa (pale mzinga unapokaa) cha kifaru changu cha Type 59, kipimo cha 1:35, na mdomo wake ukatamka hivi: "Thina ni thina."

THINA. NI. THINA.

Kwa wageni wa jukwaa: kifaru kilikuwa kimefika kwenye woshi, rangi nyepesi ya kutia kivuli kwenye mapengo. Yaani rangi ya kijani ya maji imeshapigwa tabaka tatu nyembamba, vanishi ya kung'aa juu yake, stika za namba, vanishi tena kuzifungia, ndipo woshi ya mafuta ya kahawia kwenye mifereji na kuzunguka boliti. Woshi unaiacha ishike dakika 15 hadi 20, halafu unaifuta kwa TAPENTAINI. Kijiti cha pamba kiwe kinyevu tu, kisichuruzike, unavuta juu kwenda chini. Tapentaini haiisumbui vanishi ya maji iliyokauka sawasawa.

Thina ya magari ina toluini na asetoni humo. Inakula vanishi, inakula rangi, ikimaliza inaingia kwenye plastiki yenyewe, maana hii ni polistaireni. Gundi yetu ya plastiki inashika kwa kanuni hiyo hiyo: inayeyusha kingo mbili kidogo zikaungana. Tofauti ni kwamba gundi unagusisha kwa ncha ya brashi. Yeye kapaka kichwa kizima. Kwa kitambaa! Anasugua!

Vishikio vya pembeni vimelala kama pipi iliyolambwa. Namba zimekwenda na maji. Ila linaloniua ni kile kikofia cha feni, juu ya kichwa, mbele ya mfuniko wa mpakiaji upande wa kulia. Hicho ndicho alama ya T-54 ya Kisovieti na mtoto wake wa Kichina Type 59. T-55 iliyokuja baada ya T-54 haina. Kimefutika. Kwa hiyo mimi nilikuwa na kifaru cha JWTZ cha mwaka 1979, yeye kwa futo moja kanihamishia kwa Amin, maana T-55 ndizo Walibya walizomletea.

Na wakati kinafutika anasema thina ni thina.

DagaaMchele: Uzi bila picha ni taarabu. Weka picha tulie pamoja.

Kiboko wa Nyegezi: Hahahaa "kanihamishia kwa Amin". Mkuu pole, lakini nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

MzeeWaMsasa: Pole kijana. Kwanza usikiguse. Plastiki iliyolainika ukiibonyeza kidole kinabaki alama milele. Kiache siku mbili tatu thina itoke yote, kiwe kigumu tena, ndipo msasa wa 400, halafu 600 wa maji. Vishikio kata tupa, weka waya wa shaba wa 0.5 mm, toboa matundu kwa kekee ya mkono, gundisha na supagluu. Kikofia cha feni kichonge kwa puti.

Mkuu wa Fremu (mwenye uzi): Asante mzee. Lakini umesoma alichosema? Thina ni thina!!

Bismarck_Rock: Nitasema ukweli unaouma. Kichwa cha Type 59 ni chuma cha kumimina, uso wake wa asili ni wa vinundu. Kwenye boksi kinakuja laini kama yai, ndiyo maana watu wanalegeza puti, wanadonoa donoa kwa brashi ngumu ya zamani kupata huo ukwaru. Jamaa kakupa ukwaru bila malipo, unatoa povu.

Mkuu wa Fremu: Ukwaru wa VIPIMO ndugu yangu! Huu ni ukwaru wa jiko!

Bismarck_Rock: Na nimeona picha uliyoweka wiki iliyopita. Minyororo umeikaza sana. Gari hii haina vigurudumu vya kubebea mnyororo juu, lazima ulegee na kulala juu ya yale magurudumu matano. Viungo 90 hivi kila upande, punguza au ongeza kimoja, gundisha kikiwa bado kinapinda, kandamiza na sponji mpaka kesho. Wewe una mnyororo unaoelea. Anza na huo kabla ya kulia thina.

Kiboko wa Nyegezi: 😂😂 kaja kutafuta pole kapewa marekebisho.

Binti wa Igoma: Huyo huyo wa pama aliazima eabrashi yangu (kalamu ya kupulizia rangi) akairudisha vanishi imekauka ndani ya nozeli, tundu la kutolea rangi, ya 0.3 mm. NOZELI. Sindano haichomoki. Mwenye uzi, wewe kichwa kinatengenezeka.

MzeeWaMsasa: Dada, usiivute kwa nguvu, utapasua nozeli. Fungua sehemu ya mbele, chomoa mipira yote midogo kwanza maana itavimba, halafu loweka chuma tupu kwenye thina ya magari usiku kucha.

Mkuu wa Fremu: Mzee nawe UNAMTETEA?

MzeeWaMsasa: Chuma, kijana. Nimesema chuma.

DagaaMchele: Kumbe thina ni thina 😂

Mkuu wa Fremu: Nafunga uzi.

Fundi Capri Point: Usifunge. Mimi kilio changu ni wale wadudu wa ziwani. Unapiga vanishi ya kufifisha mng'ao, taa inawaka, dirisha wazi, wingu zima linatoka majini linakuja kutua kwenye kifaru. Nina kifaru chenye manyoya sasa.

Binti wa Igoma: Usiwachomoe kikiwa kibichi, utang'oa vanishi na rangi ya chini. Kikauke, halafu msasa wa 1000 wa maji polepole, rudia vanishi hapo tu. Na piga mchana, ukimaliza funika na beseni la plastiki. Usiku taa ndiyo inawaita.

Fundi Capri Point: Mchana nikipiga inatoka nyeupe nyeupe, hasa mvua za Aprili.

MzeeWaMsasa: Unyevu huo. Subiri jua lipande, weka kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa, presha psi 15 hadi 20, tabaka jembamba. Kama kompresa yako haina tangi ndiyo balaa zaidi, hewa inakuja kwa mapigo na maji yanatema moja kwa moja kwenye rangi.

Mkuu wa Fremu: Jamani tulikuwa tunamzungumzia mtu. Kofia. Kitambaa. Thina.

Kiboko wa Nyegezi: Kuna mwenye kompresa yenye tangi anauza hapa Mwanza? Isiwe ya kujazia matairi.

DagaaMchele: Ninayo, tangi lita 3, kichujio kipo. Njoo PM.

Binti wa Igoma: Na mimi njoo PM, ila bei usinipandishie kwa sababu ya huyu.

Fundi Capri Point: Inapiga kelele? Jirani zangu ni wakorofi.