Bajeti ya kilimo imefika trilioni, mbona maji ya Ziwa Victoria hayafiki kwenye majaruba yetu?

Wadau, hili limenikaa kooni muda mrefu.

Mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Maputo wakaahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo. Mwaka 2014 wakairudia ahadi hiyo hiyo Malabo. Sasa chukueni bajeti yetu ya 2024/25: serikali nzima shilingi trilioni 49.35, Wizara ya Kilimo trilioni 1.249. Hiyo ni kama asilimia 2.5. Jumlisha na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, bado hufiki hata nusu ya ahadi. Na tunazungumzia sekta inayoajiri Watanzania wengi kuliko nyingine yoyote!

Najua atakuja mtu kusema bajeti imepanda. Ni kweli, 2021/22 ilikuwa bilioni 294, na ruzuku ya mbolea ya 2022/23 ilitushika mkono, anayebisha hajawahi kununua mbolea kwa bei ya soko. Lakini Bunge kupitisha pesa ni jambo moja, Hazina kuitoa ni jambo la pili, na kuiona kijijini ni jambo la tatu. Hilo la tatu ndilo linaloniuma.

Angalieni kalenda tu. Mwaka wa serikali unaanza Julai. Pamba huku kwetu inapandwa kuanzia katikati ya Novemba, na ukivuka katikati ya Desemba umeshapoteza. Maana yake mbegu na dawa zinatakiwa ziwe kijijini Oktoba. Msimu uliopita kwetu mbegu zilifika mvua za kwanza zimeshapita, na dawa zikaja funza wameshatoboa vitumba. Ukiuliza unaambiwa mzigo uko njiani. Mkulima aliyelima kwa plau la kukodi, akaweka vibarua, anasubiri mzigo ulio njiani! Halafu wakati wa kuuza, ushuru wa mazao haucheleweshwi hata siku moja. Kizuizi cha halmashauri kipo barabarani kabla gunia la kwanza halijapakiwa.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Tuna mpunga Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema. Karibu wote unategemea mvua. Mvua ikikatika Januari, majaruba yanapasuka, mpunga unakauka kabla haujatoa masuke, tunaingiza ng'ombe wakale. Kuna majaruba ambayo ukisimama kwenye tuta unaliona ziwa kwa macho yako. Wenye uwezo wanakodi pampu za petroli na kuunga mipira, na kwa bei ya mafuta ilivyo, faida yote inaishia kwenye tangi. Wanaolima nyanya na mboga ukingoni wanaondolewa, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Naikubali sheria hiyo, ziwa lazima lilindwe. Basi kama hamtaki tulifuate ziwa, tuleteeni maji tuliko.

Na msituambie haiwezekani. Maji ya ziwa hili hili yanavutwa pale Ihelele, Misungwi, yanafika Kahama na Shinyanga, na baadaye yakapelekwa hadi Tabora. Watu wa huko wanayanywa, na wana haki nayo. Sasa inakuwaje maji yafike Tabora halafu yashindwe kufika shamba lililo kilomita chache kutoka ufukweni? Wala msituletee hadithi za mkataba wa Nile wa 1929, ule Mwingereza aliowekeana na Misri kuhusu maji ya mto huo unaotoka kwenye ziwa letu. Mwalimu Nyerere alishasema mapema kabisa baada ya uhuru kwamba Tanganyika haifungwi na mikataba ya mkoloni. Daraja la Kigongo–Busisi nalo, kilomita 3 juu ya maji, limejengwa na tangu 2025 magari yanapita. Ndiyo maana nakataa kusikia kwamba pesa na wataalamu hakuna. Serikali ikiamua, inaweza.

Nchi hii inasemwa ina hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji. Zinazomwagiliwa ni sehemu ndogo tu ya hizo. Takwimu hiyo inasomwa kwenye hotuba kila mwaka kama sifa ya nchi, wakati ni aibu.

Mimi siombi msaada wa mtu. Nataka kila robo mwaka halmashauri zetu zibandike kwenye ofisi za kata: kilimo kilitengewa shilingi ngapi, Hazina imetoa ngapi, zimefanya kazi gani na kwenye kijiji gani. Fedha za shule tunabandikiwa, za kilimo kwa nini zifichwe? Na skimu ya umwagiliaji ikizinduliwa, tuonyeshwe maji yakitembea kwenye mfereji wakati wa kiangazi. Jiwe la msingi halimwagilii mpunga.

Wabunge wa Kanda ya Ziwa, bajeti ijayo ikipita bila orodha ya skimu za kwenu na tarehe ya kukamilika, msije kutuomba kura kwenye minada yetu.

Wadau wa Mwanza, Geita, Mara na Simiyu: kama kwenu kuna skimu ya serikali inayotoa maji ya ziwa hadi shambani leo hii, tajeni kijiji, ekari ngapi zinamwagiliwa na mkulima analipia kiasi gani. Kama kwenu ilianzishwa ikaachwa njiani, wekeni na picha.