Nyie mnaotafsiri muvi, hii ya Hong Kong mmeiua kabisa

Wakuu nina hasira hapa. Juzi nimeenda kwenye laibrari ya muvi mtaani nikamwambia dogo aniwekee kwenye flashi In the Mood for Love ya dairekta Wong Kar-wai, niliiangalia kitambo nikataka na wife aione. Iliyopo imetafsiriwa, nikasema poa weka.

Kwa ambao hamjaiona, ni Hong Kong 1962, wapangaji wawili wamehamia siku moja nyumba zinazopakana, Bwana Chow wa gazetini na Bi Chan sekretari ambaye mumewe safari za Japani haziishi. Siku moja wamekaa hotelini, Chow anaulizia mkoba wa bibie kanunua wapi, bibie naye anaulizia tai ya Chow, kumbe mke wa Chow anao mkoba huohuo na mume wa bibie anayo tai hiyohiyo. Basi, imeisha hapo. Hakuna fumanizi, hao wanaochepuka hata sura huonyeshwi mpaka mwisho, unaunganisha mwenyewe kimyakimya na roho inakuuma.

Sasa huyu mtafsiri mkoba haujatajwa ameshatangaza nani anatembea na nani! Tunaangalia nini tena? Bi Chan anashuka ngazi usiku na chupa yake ya kubebea tambi, ile violini inalia, anapishana na Chow, pale ndo jamaa anataja namba ya simu ya duka na kusalimia washkaji zake.

Kuna sehemu bibie anamuuliza mwanaume aliyetupa mgongo kama ana mwanamke nje. Akigeuka ni Chow, wanafanya mazoezi tu ya jinsi atakavyombana mumewe, na hata hiyo ya kuigiza inamuuma mpaka analia. Mtafsiri anasema mume karudi kutoka Japani. Sura ya Chow hiyo hapo na bado anamwita mume, ina maana hakuiangalia hata mara moja kabla ya kuitia sauti!!

Tony Leung, ndo huyo Chow, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2000 kwa hii muvi, mtu anaigiza kwa macho, wewe unampayukia juu yake.

Na mwisho kule Angkor Wat, mahekalu ya kale ya Kambodia, Chow anainamia tundu la ukuta ananong'ona siri yake halafu analiziba. Hatusikii kitu, imetengenezwa tusisikie. Huyu kaisema kwa sauti, eti "nililala na mke wa mtu nisamehe". Watu muvi nzima wanajizuia wasije wakawa kama wenzi wao, we unawasingizia sekunde za mwisho?

Wife kaguna, kasema kumbe na wao walewale tu, akaenda kulala. Nimejaribu kumwelezea asubuhi, hataki kusikia.

Mwenye nayo yenye maandishi ya chini tu anistue, hata ya Kiingereza nitakaa namtafsiria mwenyewe taratibu.