Ati maji ya chupa ya chai ndo ya kupikia kahawa??

Wana Mvita, simtaji jina, nyote mwamjua, yule muuza kahawa aliyeacha dele, birika lake la kahawa, barazani akafungua duka la vioo na bei ikapanda mpaka mawinguni. Leo baada ya Alasiri nimekaa na shemeji yangu, naona kwa macho yangu yuwachukua chupa ya chai, ya tangu asubuhi hiyo, yuwamimina juu ya unga wa kahawa. Hata mvuke hakuna! Maji ya kuogeshea mtoto mchanga! Namwambia kaka haya maji yamepoa, ananitazama juu mpaka chini, "kwani waja kunywa kahawa au kusonga ugali?" Mbele za watu. Mbele ya shemeji!!

Kahawa ya kichujio yataka maji ya nyuzi 90 mpaka 96 hivi, yakiwa baridi uchachu watoka mbele, utamu wabaki kwenye machicha. Nimekunywa ndimu wallahi. Kusonga ugali, mimi!

Mtu wa Kibokoni: Pole yakhe. Huyo mimi alinipa kikombe nikadhani maji ya kunawa

Bintiswafi: Uzi mzima kwa sababu ya kikombe kimoja, ungemmwagia tu tukajua moja 😂

Kahawatungu: Mbona kahawa tungu yachemka kwenye makaa kutwa nzima na twainywa

Mwenye uzi: Tungu ni tungu, yachemshwa na tangawizi na uchungu wake ndo tunaufuata. Hii kaniuzia ya kichujio kwa bei ya samaki mzima, kisha CHUPA YA CHAI. Na ugali juu!

Wabara254: Huku Nairobi tuko juu, maji yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, ukitoa jikoni unamimina. Nyinyi hapo baharini yanafika 100, mnangoja kidogo yatulie

Mtu wa Kibokoni: Nani kamwita huyu

Bintiswafi: Shemeji yeye alisemaje lakini

Mwenye uzi: Alicheka. Hilo ndo linaniuma

Mamakashata: Nyie mwalia na maji, mimi kashata za siku hizi sukari tupu, njugu wazitafuta kwa tochi

Kahawatungu: Na mahamri je? Iliki imehamia wapi? Watu watia unga na hewa

Mamakashata: Usinikumbushe, jana nimekula ya jana yake

Bintiswafi: Kuna anayejua mahamri ya iliki ya kweli upande wa Likoni? Niko kwenye feri naelekea huko, jibuni haraka