Hosteli za Vietnam au za Cape Town? Nasafiri peke yangu, nataka kupata watu

BintiNgamiani:
Asalaam aleikum, habari zenu wakuu. Nina likizo ya wiki tatu na pesa nimeshatenga. Sitaki safari ya kujifungia hotelini. Nataka kulala hosteli, zile za kulipia kitanda bwenini, nikutane na wasafiri wengine, tupike na tutembee pamoja. Nimebaki na sehemu mbili: Vietnam, kuanzia Hanoi kushuka kusini, au Cape Town na ile barabara ya pwani hadi Knysna. Tiketi nakata wiki ijayo. Wapi ni rahisi zaidi kupata marafiki?

Kipanga_Moshi:
Umeuliza nusu. Pasipoti ya nchi gani? Mwezi gani? Mwanamke au mwanaume? Bajeti kiasi gani ukiacha tiketi? Bila hayo kila mtu atakutajia alikokwenda yeye.

Mzee_wa_Begi:
Vietnam. Chukua ramani uitazame: nchi ndefu na nyembamba, wasafiri karibu wote wanapita njia moja, ama wanashuka kutoka Hanoi ama wanapanda kutoka jiji la Ho Chi Minh kule kusini. Uliyekula naye Ninh Binh utamkuta tena Hue, na mkionana Hoi An mnasalimiana kama ndugu. Urafiki wa safarini unakomaa mkikutana mara ya pili, siyo usiku ule wa kwanza wa "unatoka wapi, unaelekea wapi". Cape Town watu wanakaa siku mbili tatu, kisha kila mmoja anakodi gari na kupotea. Halafu Hanoi kitanda cha bweni ni dola 6 hadi 10, mara nyingi na kifungua kinywa humo humo.

Shiro_Nairobi:
Mzee, Cape Town unaionea. Hosteli za Long Street na Observatory zina jioni za nyama choma, moto unawashwa uani na hakuna anayebaki chumbani. Alfajiri kikundi kinapanda kilima cha Lion's Head kuona jua likichomoza, na unajiunga tu. Sisi wa pasipoti ya Kenya tunaingia bila viza tangu Januari 2023, siku 90 kwa mwaka, na Watanzania pia hawahitaji viza. Isitoshe, Cape Town nilipata marafiki Wazimbabwe na Wamalawi, na hadi leo tunaandikiana. Hanoi nilikuwa Mwafrika peke yangu sebuleni, na kila mazungumzo yalianzia kwenye nywele zangu. Hilo linachosha, na wanaume hamliandiki.

BintiNgamiani:
Ahsanteni. Kipanga, pasipoti ya Tanzania, mwezi Novemba, mwanamke, bajeti milioni tatu bila tiketi. Sinywi pombe, nakula halali, na bweni la mchanganyiko silali.

Kipanga_Moshi:
Sasa tunaongea. Novemba inabadilisha mambo. Hue na Hoi An huwa kwenye mvua kubwa Oktoba na Novemba, mto unafurika mpaka watu wanapita kwa mashua katikati ya mji wa kale. Kaskazini kunakuwa na ubaridi mzuri na mvua kidogo. Cape Town Novemba kiangazi ndiyo kinaingia, ila milioni tatu kwa wiki tatu kule utajibana, hasa usafiri. Viza ya Vietnam unaomba mtandaoni. Tangu Agosti 2023 wamefungulia nchi zote, hadi siku 90, dola 25 ya kuingia mara moja na 50 ya mara nyingi. Majina yaandike yote kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Rehema_Dom:
Dada, kabla hujakata tiketi soma hili. Sitaji mji wala hosteli, ilikuwa Asia ya Kusini Mashariki. Bwenini tulikuwa wanawake wanne, tukazoeana haraka: tunapika pamoja, tunachanga teksi, mmoja akiumwa tunamnunulia dawa. Tukaamua kukodi pikipiki mbili kwenda maporomokoni. Duka likataka pasipoti moja ibaki kama dhamana. Wenzangu wawili walikuwa wamezifungia za kwao kabatini, wa tatu alisema yake iko mapokezi, basi ikabaki yangu. Njiani mmoja akateleza kwenye kokoto, pikipiki ikapasuka taa na kukwaruzika ubavu mzima. Yeye hakuumia, tukashukuru Mungu.

Tuliporudi duka lilikuwa limefungwa. Tukakubaliana asubuhi twende wote tukalipe kwa kugawana. Nimeamka, kitanda cha yule aliyeteleza kitupu, shuka limekunjwa. Alipanda basi la usiku. Wa pili akasema hakuwa yeye aliyeendesha, hahusiki. Wa tatu peke yake ndiye aliyekwenda na mimi. Mwenye duka akataja bei ya kama kununua pikipiki nyingine, na pasipoti ameishika. Tulibishana mpaka mchana, tukalipa mimi na huyo mmoja, na fedha yangu ya wiki nzima ikaishia pale. Aliyekimbia nilimwandikia, akaufungua ujumbe na hakujibu kitu.

Yule aliyelipa na mimi ni Mfilipino, na mwaka jana alikuja Dodoma akalala kwetu. Kwa hiyo marafiki utapata. Pasipoti usimwachie mtu.

Mzee_wa_Begi:
Pole sana bibie. Ila tutenganishe mambo mawili. Hosteli za Vietnam lazima zimwandikishe mgeni polisi, kwa hiyo pasipoti wataiomba mapokezi. Waipige picha, urudishiwe pale pale. Dukani acha fedha taslimu kama dhamana. Duka likikataa, nenda lingine, maduka ni mengi.

Rehema_Dom:
Maduka ni mengi mkiwa wawili wanaume mchana. Jioni, wanawake wanne, hali ni nyingine.

Nuru_Muscat:
Kuhusu chakula: Hanoi kuna msikiti wa Al-Noor, mtaa wa Hang Luoc, ndani ya mji wa kale kwenye hosteli nyingi. Ho Chi Minh kuna msikiti wa mtaa wa Dong Du wa mwaka 1935. Kwingine tafuta kibao kilichoandikwa "chay", hapo hawapiki nyama kabisa. Lakini kwa raha ya moyo Cape Town haina mpinzani. Bo-Kaap, mtaa wa Waislamu wa tangu zamani, iko juu kidogo tu ya Long Street, ina msikiti wa Auwal wa tangu 1794, na chakula cha halali kimejaa mjini.

Kipanga_Moshi:
Cape Town usiku haitembeleki kwa miguu, ni teksi hadi mlangoni, na marafiki wa hosteli wanapatikana jioni. Hanoi Ijumaa jioni hadi Jumapili barabara za ziwa Hoan Kiem zinafungiwa magari, watu wanakaa chini, wanafunzi wanakufuata wazungumze Kiingereza. Asiyekunywa pombe hapungukiwi kitu.

Shiro_Nairobi:
Hata Nairobi usiku natumia teksi na marafiki ninao.

Mzee_wa_Begi:
Tusitoke nje ya mada. Binti, kwa Novemba fanya Hanoi, Ninh Binh, halafu mzunguko wa pikipiki wa Ha Giang, milimani kaskazini, siku tatu au nne, ukipakiwa na dereva. Hosteli zinakusanya kikundi, mnapanda pamoja mpaka Ma Pi Leng, ile njia ya juu mlimani, mnakula meza moja kila usiku. Sijaona njia ya haraka kuliko hiyo ya kupata marafiki.

BintiNgamiani:
Hapo moyo umevutika. Sasa huko Ha Giang kuna bweni la wanawake?

Rehema_Dom:
Nyumba nyingi za wenyeji ni magodoro chini, pazia katikati, wanaume kwa wanawake. Na chakula cha usiku kinaandamana na pombe ya mahindi, watakusukuma glasi. Ukikataa kwa tabasamu wanaelewa. Uliza chumba cha peke yako kabla hujalipa, vipo kwa nyongeza ndogo.

Shiro_Nairobi:
Ukiwa chumba cha peke yako, hosteli ya nini tena?

BintiNgamiani:
Chumba ni cha kulala tu, Shiro. Mchana kutwa nitakuwa nao. Nasubiri kwanza bei ya tiketi za kupitia Doha, na ya Cape Town naiangalia vile vile.

Popo_Arusha:
Wakuu, kuna aliyewahi kulala bwenini na mtu anayekoroma? Viziba masikio vya nta na vya sponji, vipi vinafaa?