Nimechoka na simulizi zenu za wake wa Idi Amin. Kay hakuwa kichekesho!

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri ipoe, maana ikipoa nitaandika kwa adabu. Kama wewe ni wa kuchangia kwa kuweka katuni inayocheka, pita tu.

Juzi nilipanda basi Bukoba naelekea Mwanza. Basi lenyewe silitaji. Tulipoipita Muleba utingo akachomeka flashi kwenye luninga, ikaanza moja ya zile simulizi za sauti nzito, muziki wa kutisha na picha tatu zinazojirudia mpaka unazikariri. Mada: wake wa nduli Idi Amin. Msimulizi alipofika kwa Kay akashusha sauti kama anayemtisha mtoto, akasema mwanamke yule alikatwa viungo, kisha Amin akaamuru ashonwe kinyume, miguu penye mikono, mikono penye miguu. Basi zima likaangua kicheko. Mzee mmoja kiti cha nyuma akasema, "Yule alikuwa dume bwana." Nikamwomba utingo abadilishe, humo ndani kulikuwa na watoto. Akanijibu, "Dada tulia, hii ni historia."

Historia!

Mimi kwetu ni kaskazini ya Mto Kagera, upande ule ambao majeshi ya Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na yeye akatangaza kuwa umeshakuwa wa Uganda. Bibi yangu alikimbia na mtoto mgongoni, akarudi akakuta migomba tu, ng'ombe hakuna hata mmoja. Kwa hiyo mtu asije kuniambia namtetea mtu aliyelala ikulu ya nduli kwa sababu sijui alichotufanyia. Najua. Lakini bibi huyohuyo, aliyekuwa na kila haki ya kucheka, habari za Kay zikitajwa alikuwa anasonya na kusema, "Mtoto wa watu yule." Basi. Hakuongeza neno. Nyinyi mliozaliwa miaka ya tisini mnacheka nini?

Sasa hiyo historia mnayoisema, ngoja niwape.

Kay Adroa alikuwa binti wa mchungaji, Mlugbara, na alisoma Makerere wakati ambapo wasichana waliofika Makerere ungeweza kuwahesabu. Aliolewa na Amin mwaka 1966. Machi 1974 Radio Uganda ikatangaza kwamba Rais amewaacha wake zake watatu kwa mpigo: Malyamu, Kay na Nora. Hebu fikirini. Talaka kwa taarifa ya habari! Kwetu hata mume mkorofi namna gani hutafuta wazee, au walau huandika karatasi akamtuma mdogo wake alete. Hawa walipewa talaka nchi nzima ikisikiliza, muuza ndizi wa soko la Owino, Kampala, akiijua sawa na mhusika mwenyewe.

Agosti mwaka huohuo Kay akafa. Mwili wake ulikutwa ndani ya buti la gari ukiwa umekatwa viungo. Gari lilikuwa la daktari, Peter Mbalu-Mukasa, ambaye alitajwa kuwa mpenzi wake, na daktari naye alikufa wakati huohuo kwa dawa alizomeza. Henry Kyemba, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Amin na kukimbilia Uingereza 1977, aliandika kwamba Kay alikuwa mjamzito na alifia kwenye jaribio la kutoa mimba. Aliandika pia kwamba Amin aliagiza mwili ushonwe, ukashonwa kila kiungo mahali pake, kisha akawaleta watoto wao wauone, akasimama pale akimsema mama yao vibaya mbele yao. Hiyo habari ya mikono kuwa miguu ni ya vijiweni. Na kuna filamu ya mwaka 2006 iliyoionyesha hivyohivyo, ndiyo maana kila mtu anaapa aliona.

Mnaona mnavyofanya? Kilichotokea kinatisha vya kutosha. Mwanamke msomi, ameachwa redioni, anabeba mimba ambayo ikijulikana ni kifo, hana hospitali anayoweza kuingia kwa mlango wa mbele kwa sababu kila muuguzi anamjua ni nani. Anafia mafichoni. Daktari anachanganyikiwa. Halafu watoto wanapangwa mstari kumtazama mama yao. Hayo yote mmeyatupa, mkachukua uongo wa kushona kinyume kwa sababu unachekesha zaidi na unamfanya Amin aonekane jini mwenye nguvu za ajabu. Hakuwa jini. Alikuwa mwanamume aliyekuwa na redio, jeshi na kisirani.

Malyamu je? Huyo ndiye alikaa naye tangu Amin ni mwanajeshi tu wa kawaida, wakazaa kabla hata ndoa haijafungwa. Ndugu yake, Wanume Kibedi, alifanywa Waziri wa Mambo ya Nje. Shemeji wa Rais, mnadhani ameukata? Mwaka 1973 shemeji akakimbia nchi. Mwaka uliofuata dada akaachwa, na Aprili ya mwaka huohuo akakamatwa Tororo mpakani, kosa eti anavusha kitambaa kwenda Kenya kwa magendo. Kitambaa! Uganda ile ambayo wakubwa walikuwa wanavusha kahawa kwa malori, mke wa zamani wa Rais anakamatwa kwa jora. Baadaye alikwenda London, na hapo wasimulizi wenu hunyamaza, kwa sababu mwanamke anayejitafutia riziki hana mvuto kwenye video.

Na Nora. Huyu huwa hamumgusi kabisa, anapewa sentensi moja, "mke wa tatu alikuwa Nora", twende mbele. Nora alikuwa Mlangi, kabila moja na Obote. Amin alimwoa 1967, Obote akiwa madarakani, na mwenye akili anajua ndoa kama ile hutafutwa kwa nini. Januari 1971 Amin akampindua Obote. Kisha kambini, Jinja, Mbarara, askari wa Kilangi na Kiacholi wakaanza kuchinjwa, Julai mwaka huo ikawa ni mamia. Sasa kaa hapo kidogo. Huyu mama anaamka asubuhi, anapanga meza, mume anakula chakula chake, halafu anatoka kwenda kutoa amri dhidi ya watu wanaozungumza lugha aliyonyonya kwa mama yake. Anasema nini? Anakwenda kwa nani? Akinuna inaonekana, akilia inaonekana, akicheka ndugu zake wanasikia kuwa anacheka. Miaka mitatu aliishi hivyo baada ya mapinduzi, mpaka redio ilipomwacha.

Kuna mtu wiki iliyopita alianzisha mjadala wa kupanga "nani alikuwa mkali kuliko wote", picha zikawekwa, kura zikapigwa. Sarah Kyolaba ndiye aliyeshinda, na maoni yote yalikuwa ya aina moja: alikuwa mdangaji, alijua anachokitafuta, alikula bata. Haya. Sarah alizaliwa 1955. Alikuwa mcheza shoo wa bendi ya jeshi, ya kikosi kile kilichojiita cha kujitoa mhanga, ndiyo maana wakambatiza jina la "Suicide Sarah". Alikuwa na mchumba wake, Jesse Gitta. Amin akampenda Sarah. Gitta akatoweka. Hakuonekana tena, mpaka leo. Agosti 1975 ikafungwa ndoa Kampala wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi huru za Afrika, na Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, akawa mpambe wa bwana harusi.

Hebu niambieni, nyie mnaosema "alijitakia", binti wa miaka kama 20, mchumba wake ameyeyuka, aliyemyeyusha amekuja kuposa na ana kifaru mlangoni. Angejibu nini? "Nitafikiria"?

Alikwenda naye uhamishoni 1979, akafika naye Saudia, kisha akaondoka mwenyewe. Akaishi Ujerumani, akaja London, akafungua mgahawa ambao mwaka 1999 maofisa wa afya waliukuta na panya na mende, magazeti yakafurahi kweli. Mwishoni alikuwa na saluni, anasuka watu. Amefariki Juni 2015 kwa saratani. Hizo bata mnazozisema zilikuwa ni miaka minne ya ikulu na thelathini na sita ya kuulizwa na kila mteja anayekaa kwenye kiti, "Hivi kweli alikuwa anakula watu?"

Na msidhani ni mambo ya Waganda tu. Someni habari za Bokassa, dikteta wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huyu alipigana Vietnam katika jeshi la Wafaransa, akaacha mwanamke na mimba kule. Amekuwa mkubwa Bangui, akaagiza mtoto wake Martine atafutwe. Akaletwa msichana, akapokewa kwa shangwe. Kumbe siye! Baadaye akapatikana Martine wa kweli. Bokassa akaona aibu kumrudisha wa kwanza, akawaweka wote wawili, na mwaka 1973 akawaoza siku moja, mmoja kwa ofisa wa jeshi, Fidèle Obrou, mwingine kwa daktari, Jean-Bruno Dédéavode. Mpaka hapo mnacheka tena, najua, ni kama mchezo wa redio. Februari 1976 Obrou na wenzake wakajaribu kumuua Bokassa kwa bomu la mkono uwanja wa ndege. Bomu halikumpata. Obrou akauawa. Mkewe, yule Martine wa uongo, akajifungua mtoto wa kiume, na kichanga hicho kikauawa. Aliyekuja kupatikana na hatia ya kukiua ni nani? Daktari Dédéavode, mume wa Martine wa kweli. Martine wa uongo akapotea, ikadaiwa karudishwa kwao. Daktari naye aliuawa kwa hukumu ya mahakama 1981.

Msichana masikini wa Saigon aliyeambiwa "wewe ni binti wa Rais" akapanda ndege. Kosa lake ndilo hilo.

Mnisikie vizuri lakini, sisemi kila aliyekula meza moja na dikteta ni malaika. Huyo daktari Dédéavode simtetei. Kongulu, mtoto wa Mobutu dikteta wa Zaire, yule aliyeitwa kwa utani Saddam Hussein, Kinshasa walimjua kwa bunduki na kwa kuwatisha watu, hakuna aliyemlazimisha. Watoto wa kiume waliopewa bunduki na magari wakayatumia, watukaneni mnavyotaka, hata mimi nitaongezea. Ila angalieni kitu kimoja kinachonichefua: wale wanaume mnawaita "watata" na hadithi zao mnazisimulia kwa sauti ya kusifu. Matusi mnayahifadhi kwa wanawake, Bobi Ladawa na pacha wake Kosia, kwamba Mobutu "aliwaoa wote wawili, mwamba". Mwamba wa nini? Mmoja alikuwa mke wa ndoa, mwingine alizaa naye watoto, na mpaka leo hakuna msimulizi hata mmoja aliyejiuliza mapacha wale walikuwa wanaambiana nini jioni wakibaki wawili.

Wengine mtasema ni ushenzi wa Waafrika. Svetlana, binti wa Stalin mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa na miaka 6 mama yake, Nadezhda, alipojipiga risasi Novemba 1932. Akaambiwa amekufa kwa kidole tumbo. Akakua nao huo uongo, akaja kuujua ukweli kwenye gazeti la Kiingereza akiwa kigori. Alipopata mpenzi wake wa kwanza, mwandishi wa filamu, baba akampeleka kambi ya wafungwa ya Vorkuta, 1943. Ni Jesse Gitta yuleyule, ila huyu wa Moscow walau alirudi akiwa hai. Mnaona ilivyo kazi moja?

Na hapa kwetu tusijitie uchamungu. Mwaka 1970 Unguja wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi walichukuliwa makwao wakaozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi, wazazi wakilia. Hilo hamlisimulii kwenye basi. Halina muziki wa kutisha, au linawatisha nyinyi wenyewe.

Ninachotaka ni kidogo sana. Wenye hizo chaneli, kama mnaisimulia habari ya Kay, simulieni ilivyo, na ile picha yake ya harusi msiiwekee mishale myekundu. Wenye mabasi, kuna nyimbo, kuna taarabu, kuna hata mechi za zamani za Simba na Yanga, wekeni hizo. Na yule aliyeanzisha kura ya "mkali kuliko wote" aifute. Najua yumo humu na anasoma.

Nipo hewani mpaka saa nne usiku. Matusi nayapokea, nimeyazoea. Ila anayetaka kuanza na "lakini walikula bata", aisome kwanza ile aya ya Nora, halafu aje aniambie yeye angemwekea mume chakula gani asubuhi ile.