Naomba ushauri: mauaji katika jumba la shamba, Idjwi

Mwana_Kadutu: Wakubwa, salamu toka Bukavu. Nina hadithi fupi ya upelelezi, maneno 4000. Tajiri wa kahawa anapigwa risasi saa mbili usiku ndani ya jumba lake kisiwani Idjwi. Ziwa limechafuka, boti hazitembei, wageni tisa wamekwama. Maiti inaonekana saa kumi na mbili asubuhi, bado laini. Wasomaji wote wanamshuku mpwa wake toka mwanzo, na kweli ndiye. Nifanyeje?

Yaya_Nyawera: Mdogo wangu, tisa ni wengi. Bakiza watano, na kila mmoja mpe sababu ya kuua: deni, mpaka wa shamba, wivu. Sasa hivi mpwa ndiye pekee mwenye urithi, lazima ashukiwe. Lakini usimfiche. Kanuni za Ronald Knox, mwandishi Mwingereza wa hadithi za upelelezi, za 1929 zinataka mhalifu atajwe mapema, na hapo alisema kweli.

Bidoni5: Mpe mpwa kisingizio kizuri: jenereta. Saa kumi na mbili jioni anamimina lita tano kwenye tangi tupu, watu wanaona. Mashine ndogo ya petroli hula kama lita moja kwa saa. Karibu saa mbili anatoka "kujisaidia", anafunga robine (koki) ya mafuta, anarudi kuketi. Injini haizimiki palepale: inamaliza petroli iliyobaki kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), inakohoa, inakufa. Giza linamkuta kati ya wageni! Anasema mafuta yameisha, anatoka kuangalia, anapitia buro (ofisi) ya mjomba. Radi inafunika mlio.
Lakini hesabu inamsaliti: tangini zimebaki kama lita tatu.

Blouse_Blanche: Maiti yako ina kasoro. Muda wa saa kumi umepita, haiwezi kuwa laini. Ugumu huanza tayani na shingoni baada ya saa 2 hadi 4, na kwa kawaida hufika mwili mzima karibu saa 12. Baridi huuchelewesha. Tazama pia damu inayotuama upande wa chini: baada ya saa 8 hadi 12 hivi, alama yake haihami tena. Akikutwa kifudifudi na alama ziko mgongoni, kuna aliyemgeuza.

Mwana_Kadutu: Asanteni sana. Robine aigundue OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi)?

Bidoni5: Hapana, OPJ bado anangoja boti. Sentineli (mlinzi) ndiye awashe mashine asubuhi: anafungua robine, anavuta kamba, inawaka. Sentensi moja tu, katikati ya ugomvi kuhusu chai. Na iwe mbali na pale mpwa aliposema mafuta yameisha, walau kurasa mbili.